Majibu ya Tumbo

Tumbo lilianza kujaa msimu mikorosho ilipochanua. Nikila kidogo tu, linakaza kama ngoma iliyoanikwa juani, na chini upande wa kushoto panauma mpaka nijikunje. Binamu yangu, binti wa mjomba, ambaye kwetu ni mtani, alinikuta barazani nimelegeza kanga.

"Dada, umemeza debe la korosho?"

"Nimemeza ulimi wako. Ndiyo maana hausagiki."

Alicheka, kisha akalitazama tumbo langu. Alikumbuka, kama mimi, kwamba mama yangu alifariki tumbo likiwa limejaa hivyohivyo. Baba alikuwa ametangulia. Nikaacha shule darasa la sita, nikawalea wadogo zangu watatu katika nyumba hii hii ya Newala. Sasa wako Dar es Salaam, wana kazi na watoto.

Niliwapigia simu. Yule wa mwisho alilia.

"Dada, ni ugonjwa wa mama?"

"Sijui."

"Kapime. Majibu yakiwa mabaya, tunakuja wote."

Tangu yeye aondoke, hatujawahi kukaa wote wanne hapa. Nilikung'uta magodoro yao, nikayaanika.

Hospitalini Masasi, daktari alikuwa wa umri wa mtoto wangu, kama ningekuwa naye. Aliniamkia shikamoo, nikaitika. Baada ya vipimo akanionyesha picha.

"Siyo saratani, mama. Ukuta wa utumbo mpana umetokeza vifuko vidogo. Ndivyo vinavyokuletea maumivu haya, na tumbo kujaa. Unakula nini?"

"Sembe, wali, mkate." Wadogo zangu hunitumia unga mweupe. Dona na kunde nilishaviacha, vilikuwa chakula cha shida zetu.

"Na maji?"

"Kikombe, jioni."

"Kimoja? Kwa joto hili?"

Nikamweleza. Zamani maji yetu yalikuwa bondeni, chini ya uwanda wetu wa juu. Ndoo ikifika, kikombe kilianza kwa mdogo kabisa, kikapanda kwa umri, mimi nikalamba kilichobaki. Sasa bomba liko uani, lakini koo langu halijapata habari.

Daktari hakucheka. Alisema maumivu yakitulia nirudie dona, kunde na mboga, kidogo kidogo, na ninywe maji bila kungoja kiu. Nikiona homa, damu, au maumivu yasiyoachia, nirudi upesi. Upasuaji hauhitajiki. Ugonjwa uliomuua mama yetu hakuweza kuujua, wala sisi hatutaujua.

Nikampigia simu yule wa mwisho nikiwa stendi.

"Mungu mkubwa!" mdogo wangu akapiga kelele, nikasikia anawaambia wenzake kazini. "Dada, umetupumzisha mioyo. Basi tutakuja Krismasi, likizo zikikubali."

"Njooni mtakapoweza."

"Unywe maji, dada!"

"Nitakunywa."

Akakata, kazi ilikuwa inamngoja. Nilinunua chupa ya maji, nikapanda gari la Newala. Nilimshukuru Mungu kwa majibu yale, na namshukuru mpaka leo. Lakini gari lilipoanza kupanda mlima, nilijikuta nikitamani daktari angeongeza neno moja tu. Siyo la kuniua. La kuwaleta.