Huruma ya Madamu kwa Mchumba Wangu

Mwanangu, siku nilipoanza kumwonea aibu Kambale, huyu mume wangu unayemjua, naikumbuka vizuri. Nilikuwa binti, nikifua nguo kwa madamu mmoja mzungu aliyekuja Goma kuandika habari za maisha yetu. Alikuwa mtu mwema, sitamsengenya. Kiswahili alikuwa amejifunza mbali, akiwaamkia watu "shikamoo", salamu ambayo kwetu Goma haitumiki, mpaka watoto wa mtaa wakawa wanamsubiri langoni ili wacheke.

Kambale alikuwa amenichumbia. Kazi yake ilikuwa kuteremsha viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, goti moja juu ya ubao, magunia yamepangwa, barabara nzima inampisha. Siku hiyo alipita kunisalimu, vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi. Alipoondoka, madamu akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia. Akanishika mkono, machozi yanamlengalenga.

"Maskini," akasema. "Wewe ni msichana mwenye akili. Usijifunge kwa mtu asiye na kitu."

Maneno hayo yaliniingia. Aliyeyasema alikuwa na gari kubwa na nyumba yenye maua karibu na ziwa. Ningebishana naye vipi? Tangu hapo nikawa naona kandambili za Kambale zilizokatika, mwenyewe simwoni tena. Wazee wake walikuwa waje kwetu Jumapili kusikia jibu langu, nami nilishaamua kukataa.

Jumamosi madamu akataka kwenda kwa Kambale, kule Munigi, ampelekee mfuko wa nguo kuukuu na kumpiga picha. Kwetu binti haendi kwa mchumba kabla ya wakati, kwa hiyo nilijificha nyuma ya kazi, nikamwongoza huku nimeinamisha kichwa.

Tulikuta kiwanja chenye ukuta wa mawe ya volkano, ndani yake nyumba mbili za mbao zilizopakwa rangi, mbuzi, na maharage yameanikwa. Kwenye baraza ya nyumba ndogo alikaa mwanaume mwenye tai, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Madamu akamwendea moja kwa moja, akampa mkono, akaomba ruhusa ya kuzungumza na mfanyakazi wake wa chukudu.

Mwalimu yule alicheka. "Mufanyakazi wangu? Hapana, madame. Mimi niko mupangaji tu. Mwenye parsele, kiwanja hiki chote, ni ule papa wa chukudu, ni yeye nalipaka kodi kila mwezi."

Kambale akatokea nyuma ya nyumba, amenawa, ana shati safi. Alipouona mfuko wa nguo alielewa mara moja. Mwanangu, nikajua sasa tutafukuzwa. Lakini aliupokea kwa mikono miwili. "Aksanti sana, mama. Iko batu mu kambi ya bakimbizi pale chini benye kukosa nguo, tutabapelekea pamoja. Sasa mukaribie, mukule."

Tukala viazi na sombe, yaani kisamvu, na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Madamu akamwuliza nyumba zile alizijengaje.

"Na chukudu," Kambale akajibu. "Na wewe, kwenu, nyumba yako iko wapi?"

Madamu akacheka mpaka akafuta macho. Kwao alikuwa amepanga chumba kimoja ghorofani, na lile gari lilikuwa la kazi. Picha aliipiga, lakini alisubiri kwanza Kambale avae koti.

Jumapili wazee walipokuja, nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Utasema nilifuata nyumba mbili. Kidogo, sitakudanganya. Lakini zaidi ni ile mikono miwili iliyopokea dharau bila kuirudisha.

Sisemi kwetu hakuna umaskini. Upo, nimelala nao njaa, na wale wa kambini hawakuwa wakiigiza. Ila hausomwi kwenye vumbi la nguo, wala utajiri hausomwi kwenye gari. Mtu akikuonea huruma, mshukuru, mkaribishe ndani, mpe kiti, lakini usimwachie akuchagulie mume, wala akuambie wewe ni nani. Nawe ukifika kwa watu, uliza kwanza, ndipo uhurumie.

Mungu akupe paa lako mwenyewe, hata la mbao, na chini yake akupe mtu ambaye hutamwonea aibu mbele ya mgeni yeyote.