Upepo wa Saa Tatu na Robo

Mpima hali ya hewa wa kiwanja kidogo cha ndege alikuwa mwanamke mpole, hadi siku ndege ya mdogo wake ilipopitiliza njia ya kutua na kutumbukia mtaroni. Abiria walitoka na michubuko. Rubani, mdogo wake huyo, alitoka bila mguu.

Wiki haijaisha, meneja wa kampuni ya ndege akatangaza kwamba rubani alitua kwa kilomita mia moja tisini na sita kwa saa badala ya mia moja hamsini. Leseni ikazuiwa. Mtaani wakambatiza "Mwendokasi". Akawa anashinda chumba cha nyuma kwa dada yake, pazia limefungwa.

"Dada, sikukimbiza ndege," alisema. "Meneja aliniambia redioni upepo umetulia."

Dada aliikumbuka vizuri siku hiyo. Saa tatu na robo asubuhi ile alimkabidhi meneja karatasi ya upepo, naye akaitia sahihi bila kuinua macho. Upepo ulikuwa wa kilomita arobaini na tano, tena wa kuisukuma ndege kwa nyuma. Ilipasa ndege izunguke kilima cha jirani itue kutoka upande wa pili, lakini meneja alikuwa na haraka zake.

Mchana, wenzake wakila, alifungua kwenye kompyuta rekodi za safari za ndege, zile zinazonaswa kila baada ya sekunde chache. Mia tisini na sita ilikuwepo kweli! Akasoma tena: hiyo ni kasi juu ya ardhi, msukumo wa upepo ukiwemo. Toa upepo wa nyuma, inabaki mia hamsini na moja. Mdogo wake aliipeleka ndege inavyotakiwa.

Angeweza kwenda kwa wachunguzi siku ileile. Hakwenda.

"Meneja aseme kwanza uongo wake mbele za watu," alimwambia mumewe, "akose pa kukimbilia."

"Mke wangu, hicho ni kisasi."

"Wewe ulidhani nini?"

Siku ya kikao cha uchunguzi, meneja alipomaliza maelezo, dada akanyoosha mkono.

"Samahani, bosi, sikusikia vizuri. Upepo ulikuwaje?"

"Umetulia, mama."

"Na karatasi yangu?"

"Karatasi gani? Sikupata chochote."

Akafungua mkoba. Akatoa nakala yenye sahihi, kisha rekodi za kasi, akazisoma namba moja moja, polepole, kama anayepigilia misumari. Mwenyekiti akamwomba afupishe.

"Bado, mheshimiwa."

Meneja alifukuzwa kazi na kushtakiwa. Rubani akasafishwa jina. Mguu nani angemrudishia?

Baada ya mwezi meneja alibisha hodi. "Dada yangu, tusameheane. Nina watoto."

"Dada yako nani? Mwenye kusamehe huyo hapo."

Mdogo wake alikuwa amefika sebuleni kwa magongo. "Nenda tu, kaka," akasema. "Mimi nimechoka."

Mlango ulipofungwa, akamgeukia dada yake. "Umeridhika sasa?"

"Hata kidogo," akajibu, akaenda kuanua nguo.