Shafti ya Mashine ya Vuga

Shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine ya kusaga mahindi kijijini kwetu Vuga, ilipokatika, mwenye mashine alitaka kuagiza nyingine Tanga. Nilimwamkia, kisha nikamwambia, "Baba, niachie mimi. Nitachonga mpya."

Alinijua tangu nilipokuwa nikiuza karoti sokoni na mama yangu. Hata hivyo akanikabidhi vile vipande viwili.

Kwenye karakana ninayofanyia kazi, Lushoto mjini, nilifunga chuma kipya kwenye mashine ya kukereza. Nilikipunguza kidogo kidogo, nikisimama kila mara kukipima, kwa sababu chuma ukishakipunguza kupita kiasi hakirudi. Chembe za moto zilinirukia mikononi. Mwishowe beringi, ile pete ya chuma ambayo shafti huzungukia ndani yake, iliingia kwa kubana, bila kulegea hata kidogo.

Siku tulipoifunga shafti hiyo kwenye mashine kijijini, mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni na debe lake la mahindi. Mashine ikanguruma, unga ukatoka. Mwanamke mmoja akauliza fundi ametoka wapi. Mama akamjibu kwa Kishambaa, kwa sauti iliyosikika hadi nje, kwamba fundi ni binti yake.

Niliendelea kujifuta grisi, lakini tabasamu sikuweza kulizuia.