Ukumbi Uliotafuta Mpangaji

Mwaka niliostaafu ualimu ndio mwaka nilioteuliwa kuingia katika bodi ya jiji letu la Nakuru, niwe sauti ya wakazi wa kawaida. Binti yangu, anayefundisha Njoro, alinipigia simu akaniuliza kama sasa nitakuwa napita mjini na king'ora. Nikamwambia nitapita kwa miguu kama siku zote.

Nilidhani tutajadili mambo makubwa. Kikao cha kwanza tulijadili punda. Walikuwa punda wa kuvuta mikokoteni ya maji, na walikuwa na mazoea ya kulala katikati ya barabara ya sokoni, dereva wa lori la taka akikataa katakata kushuka kuwaamsha. Kikao kilichofuata kilikuwa cha vyoo vya stendi, na baadaye cha mti ulioegemea paa la mtu huko Milimani. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Tulikuwa tunakubaliana taa fulani ya barabarani itengenezwe, kisha baada ya muda napita pale jioni naikuta inawaka. Nilikuwa nasimama chini yake kidogo, kama mtu anayeota moto.

Ndipo likaja suala la ukumbi.

Karibu na nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli kuna ukumbi wa jiji, jengo refu la mawe, paa la mabati yenye kutu. Baba yangu alikuja kutoka magharibi akiwa kijana kufanya kazi kwenye reli, na humo ndimo nilimowaona watu wazima wakicheza dansi kwa mara ya kwanza, nikichungulia dirishani. Miaka ilivyopita ukumbi ukachakaa. Jiji halikuwa na uwezo wa kuutengeneza, kwa hiyo tukatangaza kwamba anayeutaka alete ombi la kuukodi kwa miaka kadhaa, mradi aufanyie ukarabati.

Maombi yakaja matatu. Kampuni moja ilitaka kuugeuza maegesho ya magari. Mwanamume mwenye hoteli ya madereva wa malori kule Salgaa alitaka kuufanya hoteli ya chakula. La tatu lilitoka kwa kwaya ya akina mama iliyokuwa ikifanyia mazoezi humo bila kumuuliza mtu yeyote. Kwaya hiyo ilikuwa yangu. Nilijiunga nayo mwaka aliofariki mume wangu, wakati nyumba ilipokuwa kimya hata nikawa nawasha redio ili kuku tu wasikie watu.

Siku ya kikao, mwenyekiti aliposoma jina la kwaya nikanyoosha mkono.

"Mimi niko kwa hiyo kwaya," nikasema. "Naimba sauti ya pili."

Mwenyekiti, mzee mpole aliyekuwa zamani meneja wa chama cha wakulima wa maziwa, alivua miwani. "Basi mama, itabidi utoke. Hili jambo tutalimaliza bila wewe."

Nilijua sheria. Hata hivyo, kuchukua mkoba wangu na kutembea hadi mlangoni huku wenzangu wote wananitazama kuliniuma. Nilikuwa nimezungumza kwa ujasiri kuhusu punda na vyoo, na sasa lilipokuja jambo ninalolipenda kwa moyo, ndilo nisiloruhusiwa kulisemea neno.

Nje kulikuwa na benchi moja la mbao, na juu yake ameketi mwanamume mnene aliyevaa suti nzito siku ya joto. Alikuwa akipangusa shingo kwa leso. Akanisogezea nafasi.

"Keti, mathe. Na wewe wamekuita?"

"Wamenitoa," nikasema.

Alicheka, kisha akaona sicheki. "Umeomba nini?"

"Sijaomba. Mimi ni wa bodi, lakini naimba na wale akina mama wanaotaka ukumbi. Kwa hivyo siwezi kukaa ndani."

Akajisogeza hadi ukingo wa benchi, akaangalia viatu vyake. "Basi sisi ni washindani," akasema. "Mimi ndiye yule wa hoteli."

"Hiyo tusiiguse," nikamwambia. "Tuongee kitu kingine chochote."

Tukabaki tumekwama, watu wawili wazima, maana hakukuwa na kitu kingine kichwani mwa yeyote kati yetu. Mwishowe nikamuuliza kuhusu familia. Akaniambia mkewe ni muuguzi hapa mjini, na kwamba hoteli yake ya Salgaa haifungwi usiku wala mchana, kwa sababu malori hayana saa. Miaka yote hiyo alikuwa akilala kwenye chumba kilicho nyuma ya jiko.

"Watoto wamekua nikiwasikia kwa simu," akasema. "Kijana wangu wa mwisho alitoa ndevu, mimi nikaziona kwa picha. Nataka tu kulala kwangu, mama. Nifunge jioni, niende nyumbani kama watu."

Jibu lolote lingegusa kile tulichokubaliana kutokigusa. Lakini nilipoona tai yake imekaa upande, nilimgeuza bega nikaiweka sawa, jinsi nilivyokuwa nikimfanyia mume wangu kabla ya kanisa. Akaitwa ndani. Nilijikuta nikimwombea asigugumize, kisha nikajikumbusha upande niliopo.

Bodi haikuamua siku hiyo. Wakasema kwanza wakaukague ukumbi, na waombaji wote wawepo. Ukaguzi ukapangwa siku ya mazoezi yetu. Nilimpigia mwenyekiti simu nikamuuliza nifanye nini.

"Uje na wenzako," akasema. "Imba. Lakini usiseme kitu."

Hivyo nikasimama mstari wa pili na kitabu changu cha nyimbo, mdomo wangu ukifunguka kwa wimbo tu. Wanabodi waliingia wakitazama juu. Wawakilishi wa maegesho walikuja pia, na mwenye hoteli, safari hii bila suti. Hatukuwa tumemaliza wimbo mmoja mvua ikashuka, ile ya kwetu inayotoka upande wa mlima Menengai bila kubisha hodi. Paa likavuja kila mahali. Mwenyekiti akahama mara tatu, mwanasheria wa jiji akafungua mwavuli humo humo ndani, na hatimaye sote tukajikuta tumebanana kwenye kona moja kavu kando ya jiko la zamani, ambamo akina mama walikuwa wamechemsha chai.

Kiongozi wa kwaya yetu, binti ya fundi wa injini za reli, alimpa kila mtu kikombe. Mwenye hoteli alichungulia jikoni, akagonga dohani, akarudi.

"Mama, mnaimba saa ngapi?" akamuuliza.

"Jioni, mara mbili kwa wiki. Na Jumapili mchana."

"Mimi wateja wangu watakuwa mafundi wa magari wa hapa karibu. Wanakula asubuhi na mchana. Jioni nataka kufunga. Na Jumapili mimi naenda kanisa."

Mvua ikaendelea kupiga bati. Kiongozi wetu akanitazama. Nikatazama kitabu changu cha nyimbo kana kwamba kimeandikwa Kichina.

"Kwa hivyo jioni ukumbi utakuwa unakaa bure," kiongozi wetu akasema taratibu.

"Utakaa bure kabisa," mwenye hoteli akajibu.

Mwanasheria, mwavuli bado mkononi, akawaambia kwamba kama wanataka kuungana, wayaondoe maombi yao ya kwanza, walete moja jipya, na ile kampuni nayo ipewe nafasi sawa ya kurekebisha lake. Kampuni haikurekebisha. Nilisikia baadaye kwamba walipata kiwanja kizuri zaidi, kisicho na jengo la kubomoa.

Kikao cha mwisho nilitoka tena kabla sijaambiwa. Safari hii benchi lilikuwa tupu, na nikaketi nikasikiliza sauti zao kupitia mlango bila kuyashika maneno. Sikuwa na uchungu wa mara ya kwanza. Waliokuwa ndani niliwajua. Walikuwa watu wa kutumia asubuhi nzima kuhangaikia punda. Waliponiita, mwenyekiti aliniambia wamekubali ombi la pamoja, mwenye hoteli atatengeneza paa na jiko, nasi tutakuwa na jioni zetu, zikiwa zimeandikwa kwenye mkataba. Kisha bila kupumzika tukaingia ajenda iliyofuata, mitaro iliyoziba.

Hoteli ilifunguliwa baada ya mvua za masika. Mchana hujaa mafundi wenye mikono ya grisi, wakila chapati na maharagwe. Jioni viti hupandishwa juu ya meza nasi tunapanga mistari yetu.

Jioni moja tulikuwa tukijifunza wimbo mpya. Kwa kuwa sote ni akina mama, tulikuwa tumezoea kuimba bila sauti ya chini, tukiacha pengo. Mara nikaisikia, nzito na laini, ikitoka mahali nisipopajua. Kiongozi wetu alisimamisha wimbo. Ile sauti ikaendelea peke yake maneno mawili matatu, kisha ikakatika ghafla.

"Nani huyo?"

Kichwa cha mpishi wa hoteli kikatokea kwenye dirisha la jikoni, mikono imejaa unga wa chapati za kesho.

"Pole, mama. Sikujua inasikika."

"Inasikika sana," kiongozi wetu akasema. "Nawa mikono uje usimame hapa nyuma."

Akaja akijipangusa kwenye aproni. Nikasogea kidogo ili apate nafasi, na tukauanza wimbo upya.