Akaunti ya bure ya katibu wetu

Mzinga wangu umekwama kwa mchumba wa zamani wa katibu.

Kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Ipole kina picha za alama za mizinga yote. Nilisema tulipie hifadhi ya mtandaoni ya biashara, kila kiongozi aingie kivyake. Katibu akasema akaunti yake binafsi, ya bure, inatosha.

Leo jirani kadai mzinga wangu ni wake. Nikasema tufungue picha.

Kumbe akaunti aliifungua enzi za uchumba, kwa namba ya simu ya mchumba wake. Namba ya kuingilia ikatumwa kwenye simu ya huyo dada, huko Tura anakoishi.

Tukampigia. Akajibu kwa upole kabisa: "Aniombe radhi kwanza, ndipo niwasomee hiyo namba."

Wote tukamgeukia katibu.

Akavaa kofia yake. "Bora huo mzinga upotee."

Mzinga wangu huo, jamani.

Sasa niambieni, nikamwombe radhi mimi?