Uzio Uliochipua

Mama yangu mzazi sikumjua. Alifariki siku ya tatu baada ya kunizaa, na aliyeninyonyesha ni jirani yetu, ambaye mwanawe wa kiume alikuwa hajaacha ziwa bado. Tukaligawana, mimi na yule kijana. Huyo jirani ndiye aliyenisuka, ndiye aliyeniogesha, na nilipovunja ungo ndiye aliyeniweka ndani mpaka akanitoa mwali. Nilimwita Mama. Baba yangu alimwita shemeji, kwa mzaha tu, kwa kuwa hapakuwa na undugu. Mama ni mtu wa Nyamisati, wa huko kwenye mikoko. Sisi ni Wamatumbi, tuliteremka milimani tukafuata mashamba hapa Kibiti. Nyuma ya nyumba zetu mbili palikuwa na bustani moja, na katikati ya bustani palikuwa na uzio.

Uzio ulikuwa wa kuzuia mbuzi na kuku. Watu walipita. Palikuwa na pengo tulipopitisha kaa la moto, chumvi, mtoto, chochote kile. Kila mwaka, kabla ya masika, mchwa walikuwa wameshautafuna, na tuliujenga upya pamoja, nyumba hii inaleta fito na nyumba ile inaleta kamba. Na kwa kuwa ulijengwa upya kila mara, haukuwa na mahali maalumu. Mwaka ambao maboga ya Mama yalitambaa sana, tuliusogeza kwetu ili yapumue. Mwaka ambao mimi nilitaka bamia nyingi, uliingia kwake. Hakuna aliyepima. Ungemuuliza baba mpaka uko wapi angekuonyesha kwa kidevu, huko huko.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza darasa la saba zamani, nipo tu nyumbani, na kichwa kimejaa mambo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Maduka ya Kibiti yaliyokuwa na kiberiti na sabuni ya magadi yakajaa redio na khanga za kila rangi. Mabasi ya watu binafsi yakawa yanasimama barabarani, abiria wanashuka na njaa zao. Mimi nikaona nyanya. Niliziona zimepangwa mafungu mafungu, niliiona meza, niliuona mwavuli, hata kitambaa cha meza nilikwisha kukichagua rangi. Nilimweleza Mama huku nachambua mchicha wake.

"Na mimi utaniajiri?" akaniuliza.

"Wewe utakaa tu kitini upokee salamu."

"Basi ninunulie kiti chenye mgongo. Vibao hivi vimenimaliza kiuno."

Mwaka huo fito za mikandaa, za huko kwenye mikoko, zilipanda bei. Zilizokuwa zikitujia kutoka Nyamisati zikawa zinapakiwa kwenye malori moja kwa moja kwenda Dar. Baba alisema tutabaki bila uzio. Mimi nikachukua panga nikaenda nyuma ya shule ya zamani, nikakata matawi ya mibono, nikayafunga mizigo saba, nikaibeba kichwani mmoja mmoja. Kazi ya siku mbili. Mama alitoka akanikuta nachimba mashimo.

"Mibono hii, mwanangu? Wanizika ningali hai?"

Kwetu mibono hupandwa makaburini, ndiyo maana alisema vile. Tulicheka, akanishikia tawi nililokuwa nalishindilia. Kisha akaangalia mstari wangu, akaangalia tuta langu la nyanya, akasema, "Mbona umejibana hivyo? Sogeza huku. Hatua mbili, tatu. Nyanya zako zipate jua."

"Matembele yako je?"

"Matembele yangu yananishinda kuyachuma. Sogeza."

Nikasogeza. Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno, na nitaeleza kwa nini.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mibono ikachipua. Fimbo kavu niliyoichomeka ardhini ikatoa jani, kisha majani matano, kisha uzio mzima ukawa kijani. Sijapata kufurahi vile. Nilijiona nimewapiga chenga mchwa wote wa Kibiti. Nilimwita baba aje aone, nikamwambia hatutajenga tena uzio maisha yetu yote. Baba alitazama kwa muda mrefu, akaguna, akaenda zake msikitini. Nilidhani amefurahi kimya kimya, kama alivyo. Leo nadhani yeye alikwisha kuona, ila hakupenda kunizima.

Huku kwetu pwani ardhi haina mwenyewe sana; mti ndio wenye mwenyewe. Mnazi ni wa aliyeupanda, mkorosho ni wa aliyeupanda, hata kama upo katikati ya shamba la mtu mwingine. Hilo kila mtoto analijua, na mimi nililijua. Lakini mbono hauliwi, hauuzwi, unaoteshwa makaburini. Haikunijia kabisa akilini kwamba na mbono ni mti.

Kaka yangu wa ziwa alirudi kutoka Dar, alikokuwa anauza mitumba. Alirudi na suruali pana na miwani, anaita kila mtu mshikaji, hata balozi wa nyumba kumi. Nilimpenda sana yule kijana. Tulipokuwa wadogo alikuwa akinitafunia miwa kwa kuwa meno yangu ya mbele yalichelewa. Alikuja kwenye pengo asubuhi ya pili, akasimama, akaanza kuhesabu mibono kwa kidole.

"Nani kapanda?"

"Mimi," nikasema, nasubiri sifa.

"Umepanda vizuri. Tangu lini mmehamia kwetu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba watu wenye pesa wanatafuta viwanja vilivyo karibu na barabara, kwamba kila hatua sasa ina bei yake, na kwamba baba yangu ameliona hilo mapema akamtanguliza binti apande miti, ili kesho aseme hapa ni pangu. "Mzee kakutuma, sista. Wewe huna akili hizo."

Nilimwambia ni Mama mwenyewe aliyeniambia nisogeze. Akaita, "Mama, ati ulimwambia?" Mama alikuwa jikoni, moshi umemjaa usoni. Akasema tuache kelele, ugali utaungua.

Mpaka Ijumaa habari ilikuwa imefika kisimani. Wanawake wawili walipoona ndoo yangu waliacha kuzungumza. Mtoto mmoja wa jirani aliniuliza kwa dhati kabisa kama ni kweli baba yangu anakula mipaka. Baba aliposikia hakugomba. Alivaa kanzu akaenda mwenyewe kwa balozi akataka tuitwe.

Tulikaa barazani kwa balozi, watu kama kumi, mchana. Kaka alisema yake vizuri, na maneno ya mjini ndani yake. Balozi alikuwa mtu wa kupenda amani, akasema dawa ni rahisi: mibono ing'olewe, uzio urudi ulipokuwa, watu wapeane mikono, yeye ana mpunga wake unamngoja.

"Nitang'oa," alisema baba. "Leo hii. Ila kwanza shemeji aseme mbele ya watu. Alimwambia binti yangu asogeze, au hakumwambia? Akisema hakumwambia, mimi mwizi, nitang'oa. Akisema alimwambia, nitang'oa vilevile, kwa heshima yake. Aseme tu."

Balozi akamgeukia Mama. Alikuwa amekaa ukutani, khanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. Nilimtazama usoni. Nilikuwa na uhakika kabisa, nikaanza hata kuwaza tutakavyorudi nyumbani tukicheka. Mama alimtazama mwanawe, akatazama miguu yake.

"Sikumbuki," akasema.

Balozi akauliza tena.

"Mambo mengi, baba. Sikumbuki."

Angesema hakuniambia, ningelia nikamaliza. Baba akasimama, akakung'uta kanzu. "Basi sing'oi," akasema. "Anayeng'oa ni aliyekubali. Mimi sijakubali kitu." Akaondoka bila kumpa mtu mkono, na balozi akabaki anasema jamani, jamani.

Tukaishi hivyo wiki sita. Pengo likazibwa kwa miiba upande wao. Nilimsikia Mama akikohoa ng'ambo na sikuweza kumuuliza amelalaje. Asubuhi nilisema shikamoo kwa sauti kubwa kuelekea kwenye majani. Mara nyingine marahaba ilikuja, mara nyingine kaka alijibu yeye, kwa sauti nyembamba ya kike, akanikebehi. Nyanya ziliwiva. Niliwapa watu. Sikuipeleka hata moja barabarani.

Mimi ni mtu wa kudhani mambo yatatengemaa. Nilifikiri: kinachogombewa ni mibono, mibono isipokuwepo, watu watabaki wanatazamana tu, na wakitazamana watacheka. Basi Ijumaa moja, wanaume wote wako msikitini, nikaingia bustanini nikaing'oa. Ilikuwa imeshika, ikabidi nitumie jembe. Mama alikuwa uani anaanika mpunga. Aliniona. Nilimwona anavyoniona. Nilinyoosha mgongo, nikangoja aseme neno lolote, hata kunitukana. Aliendelea kuupekua mpunga kwa mguu, upande huu, upande ule, kisha akaingia ndani na kurudisha mlango.

Baba aliporudi na kukuta mashimo, alitoka na fimbo yake moja kwa moja mpaka kwa jirani akimwita kaka atoke nje, aliyethubutu kung'oa miti ya mtu. Watu wakaanza kujaa. Ikabidi niseme. Nilisema mbele ya wote kuwa ni mimi, kwamba hakuna aliyenituma, nilitaka yaishe.

Baba aliishusha fimbo. "Umewaambia watu wote hawa kwamba mimi mwizi," akasema, taratibu, kama mtu anayesoma barua. "Wao walishindwa. Umeweza wewe."

Kaka alicheka kidogo, akawageukia watu. "Si mmeona? Wamerudisha wenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kwenyewe hakukunisaidia chochote. Siku tatu baadaye alileta seng'enge na nguzo, akazisimika upande wetu, hatua tatu ndani, na hakuna aliyemzuia. Balozi alisema kesi imejiamua yenyewe. Baba hakuingia bustanini tena. Nilipopika mchicha wa huko alikula ugali kwa chumvi, akasema tumbo halitaki majani. Hakunigombeza hata siku moja. Alinisemesha kama mtu anavyomsemesha mpangaji, na mpaka leo ninapoandika hivi bado ndivyo anisemeshavyo.

Kabla mwaka haujaisha kaka akauza. Alimwambia Mama nyumba ya udongo haina maana pale, atamjengea ya bati, na kwa sasa akakae kwa kaka yake Nyamisati. Mfanyabiashara aliyenunua alibomoa, akachimba msingi wa nyumba ya wageni. Siku Mama anaondoka mimi nilikuwa Nyamwage kwenye msiba. Niliporudi nilikuta jiko lake la mafiga matatu limebaki uwanjani, halina paa. Kaka alirudi Dar na nyumba ya bati sijaisikia.

Nilikaa miezi nikijipanga nitakachosema. Kisha nikapanda pikapu ya samaki mpaka Nyamisati, na fungu la bamia kwenye kikapu. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake, anasuka ukili wa mkeka. Amekonda. Alinyanyuka haraka, akafurahi, nasema kweli alifurahi, macho yalijaa. Akaita mtoto alete mkeka mpya. Nilitaka kukaa chini kwenye mchanga karibu yake, akasema hapana, hapa pachafu, kaa mkekani. Akapika wali wa nazi na kamba, akanipakulia kwenye sahani ya maua, peke yangu. Nilipokusanya vyombo nikavioshe, akanishika mkono.

"Acha, usihangaike. Wewe mgeni."

Nikasema, "Mama, kwa nini ulisema hukumbuki?"

Hakujifanya hakusikia. Aliokota ukili wake, akausuka mizunguko kama minne.

"Ningesema nakumbuka, angekuwa mwongo mbele ya watu. Na mimi ninaye mmoja tu."

Alisema kwa upole, akinieleza kitu ambacho alidhani ninakijua. Sikuwa nakijua. Tangu nipate akili, watu walipomuuliza ana watoto wangapi, mimi nilikuwa nikihesabu wawili. Nilitikisa kichwa kama aliyeelewa, nikasifu wali.

Jua lilipopinda alinisindikiza mpaka pikapu ilipokuwa inapakia. Njiani aliniuliza hali ya baba, hali ya mvua, hali ya barabara, yale yote anayoulizwa mtu aliyetoka mbali. Alikuwa amefunga samaki wakavu kwenye jani, akasema mpelekee baba yako, umsalimie sana, na karibu tena siku nyingine. Niliwapokea kwa mikono miwili, nikasema asante, nikapanda nyuma kwenye magunia.