Fimbo ya Watu Wawili

Mwaka ambao watu wa kwao Magu walihamia kijiji cha ujamaa, baba mkwe aliteleza kisimani, na mume wangu akamleta kwetu mjini, Kirumba. Mfupa haukuvunjika, ila kila aliposimama alipepesuka. Mzee alitaka jambo moja tu, kurudi kwake. Mwanawe akamwambia hatarudi mpaka atembee bila kuyumba.

Muuguzi wa zahanati alimpa mazoezi: asimame kwa mguu mmoja, kisha wa pili, ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono, atembee kisigino kikigusa vidole. Ila lazima mtu amshike mkono, akasema, huku akinitazama mimi. Mume wangu alishinda kiwandani, na nilivyolelewa mimi Usukumani, mkwe hamgusi baba mkwe. Hata kikombe cha uji unakiweka chini, naye anakiokota. Muuguzi alikuwa mgeni wa mambo hayo, nasi hatukumweleza. Tuliitikia tukaondoka.

Tukakaa hivyo, yeye kwenye kigoda, mimi jikoni, hadi asubuhi moja aliponinyooshea ncha ya fimbo yake bila kunitazama. Nikaishika. Yeye huku, mimi kule, katikati heshima.

Tangu hapo kila asubuhi tulisimama nyuma ya nyumba, tukiangalia ziwa. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mzee alinung'unika kwamba hata korongo husimama kwa mguu mmoja, lakini ndege huyo angalau anangoja samaki. Nilicheka nikiwa nimegeuka, maana kumchekea usoni nako ni makosa.

Siku moja aliyumba vibaya. Mikono yangu ilitaka kumkumbatia. Nikaizuia, nikaishikilia fimbo kwa nguvu zangu zote, miguu nimeikita mchangani. Akayumba, akasita, akasimama wima. Jasho lilinitoka kuliko yeye.

Haba na haba hujaza kibaba. Alianza kuachia fimbo kidogo, kisha zaidi, na kadiri alivyoimarika ndivyo nilivyonuna. Nilimpenda mzee yule. Baba yangu alifariki kabla sijapata akili ya kumkumbuka, na sasa huyu nilikuwa namfundisha kuniacha. Uji wake nikawa naupika mzito, labda nikidhani shibe itamchelewesha.

Haikumchelewesha. Jioni moja alivuka uwanja wote peke yake mbele ya mwanawe, fimbo ikiwa kwapani, na safari ikapangwa.

Stendi, ngazi ya basi ilikuwa juu mno. Kondakta alitaka kumbeba, mzee akakataa, akapanda mwenyewe. Nilibaki chini, macho nimeyainamisha, nikijua kwamba hata kumpa mkono wa kwaheri siwezi.

Ncha ya fimbo ikatokea dirishani, ikasimama mbele yangu.

"Shika, mwanangu," alisema.

Nikaishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyeyumba, ila hatukuachia mpaka basi lilipoanza kwenda.